Humu Dukani Hakuna Mama

Tulipoachana nilikuwa nimesimama nje ya duka la maharusi, macho mekundu, baada ya kiwanda cha juisi kunifukuza kwa kosa la kuuliza embe liko wapi kwenye juisi ya embe. Jibu mlilisikia: halimo. Ni boga. Shahada yangu ya sayansi ya chakula ikaishia hapo, kwenye boga.

Mlisikia pia kwamba nilikuwa napoteza muda tu pale nje. Nikaona kupitia kioo binti anawekwa shela kichwani, akajitazama, akaweka mkono kifuani, nami nikalia. Barabarani, mchana kweupe, kama niliyefiwa. Mwenye duka akatoka, akanikagua kama fundi anavyokagua mbao, akasema: "Una machozi mazuri. Unaanza kesho."

Nilidhani nimepata bahati. Sikilizeni sasa.

Kazi yangu ilikuwa kulia.

Msicheke. Nilisimama kando ya kioo kikubwa, nimevaa aproni ya rangi ya waridi, na kila bibi harusi alipofunikwa shela nililia. Madam, ndivyo tunavyomwita mwenye duka, alikuwa amegundua siri ambayo wenzake mjini hawajaigundua: hakuna mwanamke anayeweza kuvua shela lililomliza mtu asiyemjua.

Siku za kwanza sikuigiza. Mimi naamini mapenzi, sifichi. Naamini watu wawili wanaweza kuzeeka pamoja na bado wakaamkiana asubuhi kwa furaha. Kwa hiyo kila aliyeingia nilimlilia kwa moyo mweupe, huku nikimwombea mume mwenye huruma.

Kisha wakanipeleka nyuma ya pazia, kwenye karakana ya keki.

Huko anafanya kazi mtu tunayemwita Injinia. Hajasomea uinjinia. Amepewa jina hilo kwa sababu keki zake ni za ghorofa, na huzijenga akiwa na penseli sikioni.

"Injinia," nikamwuliza, "hii ghorofa ya chini ni ya ladha gani?"

"Povu."

"Ya katikati?"

"Povu."

"Ya juu?"

"Povu. Na usiiguse, Jumamosi inakwenda harusi nyingine."

"Sasa wanakata nini?"

Akaizungusha taratibu, akanionyesha kidirisha kilichochongwa ubavuni. "Hapa tunachomeka kipande cha keki ya kweli. Bwana harusi anaelekezwa akate penye ua la bluu. Akikosea, kisu kinapiga kelele ukumbi mzima unasikia. Krrr!"

"Na wageni wanakula nini?"

"Wageni wanakula kwa macho, msomi."

Hicho ndicho tunachouza. Lile povu jeupe gumu ambalo televisheni hufungiwa ndani yake isivunjike, sisi tunalipaka krimu, tunalibandika lulu, tunalikodisha. Kuna keki pale imeshakatwa na maharusi ambao wameoana, wamegombana, wameachana, na yenyewe bado iko kazini.

Na afadhali hiyo inayosimama. Fasheni ya sasa ni keki ya kuning'inia. Inafungwa darini kichwa chini kama popo, na maharusi wanainyooshea shingo kuikata kama watu wanaobadilisha taa. Kuna keki uchi, ambayo ubavuni haijapakwa kitu, yaani keki ambayo haijamalizwa, na inauzwa ghali kuliko iliyomalizwa. Kuna keki nyeusi tii, inapendeza sana kwenye picha mpaka wageni watakapotabasamu.

Upande wa mapambo ndiko akili zilikohama kabisa. Taji la betri, lenye vitaa vinavyowaka na kuzima, bibi harusi anang'aa kama gari la zimamoto. Shela refu linaloingia ukumbini nusu saa baada ya mwenyewe, limedariziwa viapo vya ndoa kwa herufi kubwa, ili bwana harusi akisahau asome. Kucha za kubandika zenye picha ya bwana harusi. Nilimwona mmoja mezani, wanaume kumi wadogo wamepangwa kwenye vidole, na wote wana makengeza.

"Kucha zinawezaje kuwa na makengeza?" nilimwuliza Madam.

"Mchoraji alikuwa na haraka. Wewe lia, usichambue."

Ndipo dharau ikaniingia. Nami nikaipokea kama mgeni wa heshima, nikaiwekea mto.

Msifikiri nilikuwa peke yangu. Duka zima linaishi kwa dharau. Wateja wakiwa wanavaa sisi tunawasema, mbele yao, kwa lugha ya ujenzi tuliyoazima kwa Injinia. Binti asiyejua anachotaka ni kiwanja. Mwanamke mzima ni jengo la zamani. Akiwa na makunyanzi, linataka plasta. Akiwa mnene, msingi umetanuka. Tunayasema kwa sauti kabisa, kama mafundi wanaopanga kazi ya mahali pengine, naye mteja anatabasamu tu akijitazama kiooni.

Nilicheka kuliko wote. Kucheka kulinisaidia nijione mimi si wa pale, niko pale napita.

Lakini sheria iliyonishinda ilikuwa ya neno moja. Siku ya pili tu aliingia mwanamke mzima mwenye heshima zake, nikamwambia, "Karibu mama, kaa hapa." Madam akanivuta kando kwa kamba ya aproni.

"Umemwita nani mama?"

"Yule mama."

"Amekuzaa?"

"Hapana, Madam. Ni heshima tu."

"Heshima yako inamwongezea mtu miaka! Amekuja kununua ujana, wewe unamwita mama. Humu dukani hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna bibi ila bibi harusi. Kuna warembo tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nimeelewa nani?"

"Nimeelewa, mrembo."

"Mimi ni Madam!"

Basi nikajifunza. Mwenye mvi, mrembo. Mwenye mkongojo, mrembo. Aliyekuja kuuliza choo kiko wapi, mrembo.

Na kadiri dharau ilivyoongezeka, machozi yakapungua. Asubuhi ya siku ninayowasimulia yalikuwa yamekauka kabisa. Madam akaniita kwenye kona ya glavu.

"Umekuwaje wewe? Jana umemtazama bibi harusi kama daktari wa mifugo."

"Nisamehe, Madam. Alikuwa na upepeo wa manyoya, taji la betri, na jina la mumewe limeandikwa kwenye kisigino. Nilishindwa kuanza."

"Leo utaanza. Yule mzee mfanyabiashara wa mbao, tajiri, aliyefiwa na mkewe, anaoa tena. Dada yake ndiye anamleta mchumba kuvishwa, na huyo dada ndiye mwenye kauli kuhusu kila kitu. Akipenda, tumeuza mpaka soksi. Usipolia leo, kesho usije."

Akachovya kidole kwenye kikopo cha zeri ya mafua, akanipaka chini ya macho. Nikaanza kutiririka kama bomba bovu.

"Safi," akasema. "Baki hivyo hivyo."

Dada wa mzee wa mbao aliingia akikagua dari kama anayetaka kupanga nyumba.

"Ndilo hili? Nilidhani kubwa."

"Ni kubwa kwa ndani, mrembo," Madam akajibu.

"Kwani mimi niko wapi, nje?" Kisha akageukia mlangoni. "Wifi, ingia basi! Usisimame hapo kama umekuja kuomba maji."

Wifi akaingia.

Alikuwa mama yangu.

Si mama wa heshima. Mama. Aliyenizaa.

Mama anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Baba alipofariki nilikuwa bado naandika kwa penseli shuleni, na tangu hapo sikumsikia mama akimtaja mwanamume yeyote isipokuwa fundi wa paa. Jumapili tulikuwa tumezungumza kwa simu. Yeye aliniambia mchicha umeota vizuri. Mimi nilimwambia maabara kuna kazi nyingi.

Ndiyo, nilimwambia nafanya kazi maabara. Ningemwambiaje kwamba nalipwa kulia?

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Ma..."

Kiatu cha Madam kikatua juu ya vidole vyangu. "Mrembo," akanikumbusha, meno yamefungwa.

Na mimi, msomi, mtetezi wa maembe, niliyekubali kupoteza kazi kuliko kuita boga kwa jina lingine, nikamtazama mama yangu mzazi usoni nikasema, "Karibu, mrembo."

Mama akanitazama. Akaitazama aproni ya waridi. Akayatazama machozi yanayonitoka bila sababu.

"Asante, dada," akasema.

Mama hajawahi kunipiga kofi maishani. Sasa najua lingekuwaje.

Walianza na keki. Injinia akatoka nyuma ya pazia na picha zake, akazitandaza mezani, na dada wa mzee wa mbao akawa anazisukuma kwa ukucha.

"Hii kila mtu anayo. Hii kila mtu anayo. Hii hapa inayoning'inia, mnaweza kuiongeza ghorofa?"

"Dari likikubali, mimi sikatai," akasema Injinia.

"Mimi," mama akasema polepole, "ningependa keki ndogo tu. Ya kuliwa."

Wote wakamgeukia.

"Ya kuliwa!" Dada wa mzee akacheka mpaka akashika meza. "Wifi, hii ni harusi, si chai ya jioni. Wangapi wameoa kwa mbwembwe mjini hapa, sisi tutoke na andazi? Weka ya kuning'inia. Na wewe mtu wa povu, usiniletee kidirisha kidogo. Kaka yangu haoni vizuri, atakata mguu wa mtu."

Nilimwonea huruma, halafu nikamkasirikia. Huyu ndiye aliyenifundisha kucheka mambo ya kujionyesha. Tulikuwa tunarudi kutoka harusini, mimi na yeye, tunaigiza mwendo wa matarumbeta mpaka mlangoni kwetu. Leo amekaa anachaguliwa taji kama mtoto anayenunuliwa viatu.

"Mpeleke mrembo chumbani akavae," Madam akaniamuru.

Chumba chetu cha kujaribia ni kama kabati lenye pazia. Tukasimama humo mimi na mama, pua kwa pua, gauni katikati yetu limevimba kama mtu wa tatu.

"Mama, unaolewa?" nikanong'ona.

"Na wewe hii ndiyo maabara?"

"Nilitaka kukwambia."

"Hata mimi nilitaka kukwambia."

"Lini? Wakishashusha keki kutoka darini?"

"Punguza ulimi. Na humu ndani usiniite mama."

"Hata Madam amekataza."

"Basi ana akili."

Kidogo tucheke. Niliona pembe ya mdomo wake ikicheza, ile ile ya siku zote. Nikamgeuza nimfunge vifungo vya mgongoni.

"Unampenda?"

Akajibu nilipofika kifungo cha katikati. "Ananipigia kila jioni kuniuliza nimekula nini. Hanipi ushauri, hanifundishi. Anauliza tu, halafu anasikiliza. Unajua ni miaka mingapi sijaulizwa nimekula nini?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nampigia Jumapili hadi Jumapili, na nilikuwa nauliza mchicha.

"Sasa sikiliza," akasema, sauti imeshuka zaidi. "Yule dada yake hanitaki. Anatafuta sababu, na kaka yake anamsikiliza. Nina nafasi hii moja, mwanangu. Usiniharibie."

"Nitaharibu nini mimi?"

"Nitakueleza kwenye simu. Sasa hivi nivishe hilo taji, lia kama kazi yako inavyotaka, mimi niondoke salama."

"Umejuaje kazi yangu ni kulia?"

"Unanuka zeri kama bibi yako, na macho yako hayana huzuni. Nivishe."

Nikamvisha. Nikaelewa kwa akili zangu za chuo kwamba anaonea aibu umri wake, hataki ijulikane ana mtoto mtu mzima. Nikamdharau kidogo. Naandika hili kwa sababu ni kweli: mama yangu alisimama mbele yangu akiniomba kitu kimoja tu, na mimi nikamwona kama mmoja wa wale wa kucha zenye makengeza.

Tukatoka.

Dada wa mzee wa mbao alikuwa ameshainua simu yake, anarekodi. Madam akageuza kioo kwa madaha. Taji likawashwa. Vitaa vikaanza kuwaka na kuzima juu ya kichwa cha mama yangu, vyote isipokuwa kimoja upande wa kushoto.

"Oooh!" akasema Madam.

Hapo ikafika zamu yangu. Nikabana macho. Zeri ilikuwa imekauka. Hakuna kitu.

"Huyu aliyekuwa analia mbona halii tena?" akauliza dada wa mzee.

"Anajikusanya," Madam akajibu. Akamgeukia Injinia, sauti ileile ya kila siku. "Unaonaje kazi yetu ya kule?"

"Jengo la zamani, Madam," akasema Injinia, amesimama mlangoni pa pazia. "Lakini limejengwa kwa mawe."

"Linataka plasta nyingi."

"Plasta na rangi mbili. Nyufa za machoni zile haziwezi kuzibika kwa rangi moja."

Madam akanitazama nicheke. Nilikuwa nimezoea kucheka hapo. Na niwaambie aibu yangu yote: midomo ilianza kucheka, kwa mazoea tu, kabla sijaikamata.

Mama aliniona kwenye kioo. Hakuhitaji kutafsiriwa. Akaweka kidole pembeni ya jicho lake, pale penye makunyanzi, kana kwamba anayapima. Halafu akakishusha.

"Jengo gani hilo?" dada wa mzee akauliza, akiendelea kurekodi.

"La mteja mwingine, mrembo."

"Haya, achaneni na majengo, mleteeni huyu glavu. Zile ndefu, za lulu, za mpaka kwenye viwiko. Tazameni mikono hiyo! Inaonekana imefua nguo za mtaa mzima. Watu watadhani kaka yangu haoi, anaajiri."

Madam akacheka kwa adabu. Injinia akacheka. Mama naye, Mungu wangu, akatabasamu, akanyoosha mikono yake avishwe.

Mimi ndiye niliyepewa glavu nimvishe. Nikaishika ile mikono. Ilifua, ndiyo. Ilifua nguo za mtaa mzima, kweli kabisa, ili mimi nikae maktaba nikisoma habari za vitamini. Nikafunga kifungo cha kwanza cha lulu, cha pili, mpaka kwenye kiwiko. Mkono wa pili vilevile. Nilipofunga cha mwisho kitu kikakatika ndani yangu.

"Msimcheke!" nikapaza sauti. "Huyu ni mama yangu!"

Vicheko vikakoma. Vitaa tu ndivyo vilivyoendelea, vinawaka, vinazima.

Sitawadanganya, nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia kama siku ile ya maembe. Nikasubiri mama ageuke, anikumbatie, watu waone haya.

Dada wa mzee wa mbao akashusha simu yake. "Mama yako?" Akamtazama mama. "Wifi, si ulisema una mtoto mmoja tu?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Binti. Daktari."

"Ndiyo."

"Daktari wa moyo, yuko ng'ambo, ndiye atakayemtibu kaka yangu presha. Ndivyo ulivyosema, mbele ya ukoo wote. Nikasema basi, angalau huyu mwanamke ana kitu nyuma yake, hatuletei mizigo. Sasa huyu mwenye aproni ni nani?"

Mama alinitazama ndani ya kioo. Hakugeuka.

"Simfahamu huyu binti," akasema.

Wasomaji wangu, nimefukuzwa kazi, nimefukuzwa nyumba, nimeachwa stendi na mizigo, yote nimewasimulia. Hakuna lililowahi kuingia mahali lilipoingia hilo.

Kwa hiyo hakuwa anaonea aibu umri wake. Alikuwa ananionea aibu mimi. Kule kwao, mezani kwa wakwe, kuna mwanamke anaitwa binti yake, ana koti jeupe, anatibu mioyo ya watu ng'ambo. Na huyo si mimi. Mimi ni kitu ambacho mama yangu aliona afadhali akipake krimu.

Aliyetuokoa ni Madam, bila kujua.

"Jamani, samahani sana, mrembo wangu!" Akaruka katikati yetu. "Huyu msichana ndivyo alivyo. Kila mtu kwake ni mama. Akiona mtu mzima, mama! Muuza maji, mama! Nimemkataza mpaka nimechoka, Injinia ni shahidi."

"Ni kweli," akasema Injinia. "Ana heshima sana, ni kama ugonjwa."

"Omba msamaha," Madam akaniamuru.

Nikamgeukia mama yangu. "Samahani," nikasema. "Samahani, mrembo."

"Haidhuru, dada."

Na machozi yakaja. Hayakuuliza zeri. Yalishuka mpaka kidevuni, yakadondoka kwenye lulu za glavu.

"Eee, hapo sasa!" Madam akanong'ona. "Usifute."

Ingeishia hapo. Mama alikuwa ameshaanza kulishika taji alivue, Madam ameshaanza kukunja shela. Lakini dada wa mzee wa mbao hakusogea. Alikuwa anatutazama kwenye kioo, mmoja mmoja, kama anayelinganisha vitambaa viwili.

"Wanafanana pua," akasema.

"Pua ni pua," mama akajibu.

"Na paji la uso."

"Wifi, umechoka," mama akasema. "Tukae."

"Sijachoka. Kila siku daktari, daktari. Hata siku moja sijamsikia huyo daktari akikohoa. Mpigie, tumsalimie."

"Huko sasa hivi ni usiku. Amelala."

"Daktari gani analala? Mgonjwa akizidiwa wanamngoja aamke?" Akauchukua mkoba wa mama kutoka kwenye kiti, akaufungua bila hodi. "Simu yako hii hapa. Tumpigie, tumalize."

"Wifi, niachie simu yangu."

Lakini mama alikuwa amefungwa. Glavu mpaka kwenye viwiko, taji lina waya, na shela lote lilikuwa mikononi mwa Madam. Alipopiga hatua, likamvuta kichwa nyuma. Ile simu yake ni ya vitufe, ya zamani, haina hata namba ya siri. Nilimwambia mara ngapi abadilishe.

"Mchicha... Msikiti... Mwanangu," dada wa mzee akasoma. "Huyu hapa. Mwanangu."

Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akainyanyua simu juu ili tusikie wote.

Mama na mimi tukatazamana ndani ya kioo. Midomo yake ilitamka neno bila sauti, na sikulielewa. Kama alisema "tafadhali" au alisema "nisamehe" sijui mpaka leo.

Kimya kidogo, kile cha mtandao unapotafuta.

Kisha, ndani ya mfuko wa aproni yangu ya waridi, simu ikaanza kulia.